Miwani Yangu ya Kuzamia na Pampu ya Baba Neema

Jamani, aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa mke wangu Neema ameshaanza kuisimulia sokoni (tena anaongeza chumvi), afadhali muisikie kutoka kwangu mimi niliyeaibika.

Ilikuwa kule mwanzoni, mkoa wetu wa Manyara ndio kwanza umezaliwa, Babati imejaa watumishi wageni wanaotafuta vyumba vya kupanga, nami nikiwa mmoja wao, kijana wa ofisini, shati limepigwa pasi, kichwa kimevimba kwa kozi niliyotoka kusoma Ulaya. Huko, siku moja ya mapumziko, walitupeleka kuzamia baharini, nikafungwa mtungi wa hewa mgongoni, maji ya baridi mpaka meno yanagongana, lakini ukitazama chini unaona kila jiwe, unaona samaki wa mbali kana kwamba mmekaa naye sebuleni. Nilizamia mara hiyo moja tu. Nikarudi na miwani ya kuzamia, pamoja na elimu niliyojitungia mwenyewe: maji yakiwa ya baridi, lazima yawe maangavu.

Basi, nilikuwa nampenda Neema, binti wa wakulima wa Bonga, na washenga wangu walikuwa waende kwao Jumamosi. Wiki hiyo hiyo pampu ya baba yake, ile ya kumwagilia vitunguu kando ya ziwa, ikateleza kutoka kwenye mtumbwi walipokuwa wakiihamisha, ikazama hatua chache tu kutoka ukingoni. Vitunguu vikaanza kunyauka. Mimi nikaona Mungu kanifungulia mlango, nikiipata hiyo pampu nani atanikatalia binti?

Nilifika asubuhi, baridi ya Juni inauma, nimevaa sweta jeusi la sufu na suruali nyeusi ya kubana (nilikumbuka kwamba Ulaya walituvika nguo nyeusi za kubana), miwani ikining'inia shingoni. Baba Neema, Mama Neema na Neema mwenyewe walikuwa ukingoni na majirani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kutupa pole?"

"Nimekuja kuitoa."

Jirani mmoja akasema, "Sisi huwa tunaingia tumeshikana mikono, tunapapasa kwa miguu. Itapatikana tu."

Nikatabasamu lile tabasamu la mtu aliyepanda ndege. "Hakuna haja ya watu wazima kulowa. Maji si ya baridi haya? Basi chini kunaonekana. Nikizama mara moja tu naiona."

Wakatazamana. "Haya," Baba Neema akasema, "tunakusubiri."

Nikazama. Ndugu zangu, ilikuwa kama nimetia kichwa kwenye sufuria ya chai ya maziwa! Nikaleta mkono mbele ya kioo, sikuuona. Nikagusa chini, tope likainuka, chai ikawa uji. Nikaibuka kuvuta pumzi, sweta limeshiba maji linanirudisha chini, na Baba Neema akauliza kwa sauti, "Unaona?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Neno moja tu, sioni, na mambo yangeishia hapo. Nikajibu, "Naona vizuri kabisa!"

Nikazama tena, na tena, na tena. Wao huko juu wakachoka (vitunguu havisubiri fundi), wakashikana mikono wakaingia majini kupapasa kwa miguu, na mimi masikio yamejaa tope sina habari. Mara mkono wangu ukagusa kitu kigumu, cha mviringo, kimesimama wima. Bomba la pampu! Nikalikumbatia kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote za kutafuta mke.

"Kibokooo!"

Nikaibuka. Miwani imezibwa na tope, sioni kitu, nasikia tu "Kiboko! Kiboko!", na kila mtu wa Babati anajua ziwa lile lina viboko kweli. Nami nikaamini. Nikatoka mbio kuelekea nchi kavu, mweusi, nachuruzika, majani kichwani, watu wakiona kiboko anawajia wanaongeza mbio, mimi nikisikia wanaongeza mbio naongeza zaidi, kumbe nimempita Mama Neema amekaa majini wala sikumpa mkono, nikaingia kwenye vitunguu nikavikanyaga tuta kwa tuta, mpaka nikasikia kicheko cha Neema nyuma yangu.

"Wewe! Simama! Kiboko ni wewe!"

Nikavua miwani. Ndipo nilipojua nilichokuwa nimekumbatia. Kwa kina Neema mkwe hapeani hata mkono na mama mkwe, wakikutana njiani kila mmoja anapisha, na mimi nimemvuta mguu mpaka kaanguka, kisha nikamwachia kiboko amle. Nilitamani ziwa linirudishe.

"Mama Neema, inuka," mumewe akamwambia.

"Siinuki. Nimekalia kitu."

Alikuwa amekalia pampu.

Wakaitoa. Mama Neema akajifunga kanga kavu, akageuza uso asinione, akasema na binti yake: "Muulize huyo kijana, kwao hawakumfundisha kwamba mama mkwe hashikwi?"

"Atatozwa faini," akasema Baba Neema kwa ukali. "Kondoo, na blanketi la mama. Avilete Jumamosi."

Nikaanza kulialia, baba nisamehe, baba sikuona, mpaka Neema akanifinya. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Faini hiyo hatozwi mpita njia. Anatozwa mkwe."



Kondoo nilimpeleka, tena mnene. Miwani iko juu ya kabati mpaka leo, na tangu siku ile mtu akiniuliza kama naona, ikiwa sioni nasema sioni. Mama mkwe naye akija kututembelea husimama kwanza mlangoni, akamuuliza Neema, "Kiboko yupo ndani?" Nami natoka kwa mlango wa jikoni kumpisha, kwa heshima zote, na siku hizi sikimbii, natembea.