Kidole cha Mama

Juzi, nilipochovya kidole kwenye wino wa kura, harufu yake kali ilinirudisha utotoni, kijijini Katogota, alasiri ile mama na jirani yetu, Mama Furaha, waliporudi kutoka kupiga kura. Nyumba ilinuka mihogo iliyolowekwa. Mama Furaha alisugua wino wake kwa limau, lakini haukutoka wote. Mama akachukua kisu cha kumenyea, kikamkata kidole kilekile cheusi.

“Mama, umejikata!”

“Muhogo iko ngumu, mwana wangu,” alisema, akikifunga kitambaa.

Nilimwonea huruma kwa kukosa uangalifu.

Jioni wenye bunduki waliokataza kura walipita nyumba kwa nyumba wakikagua vidole. Waliona damu ya mama, wakaendelea. Punde tukasikia ukelele wa Mama Furaha.

Nikadhani naye amejikata.