Jiwe la Kusagia Juu ya Kompyuta ya Mama Mkwe

"Mimi nilisema kitu kizito! Sikutamka jiwe la kusagia!"

"Na kwetu Mapera kitu kizito ni kipi, Baba Glorious? Pamba?"

"Kitabu cha nyimbo! Biblia! Asteria, punguza sauti, hicho kitu kisije kikashtuka."

Kitu chenyewe kilikuwa mezani, katikati ya sebule yao pale Liuli, juu ya khanga iliyokisafirisha toka milimani ndani ya kapu la unga. Ilikuwa kompyuta ya kukunja, mali ya Kunigunda, mama yake Asteria. Ilikuwa imevimba. Vitufe vya kuandikia vimeinuka kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Kifuniko cha chini kimeachia mshono, na ndani ya ule mwanya kilichungulia kitu cha kijivu, kinang'aa, laini kama tumbo la samaki aliyesahaulika juani.

Hamphrey, huyo Baba Glorious mumewe Asteria, alikuwa amejibana ukutani, mbali kadiri sebule ilivyoruhusu, akipumua kwa tundu moja la pua.

Msimdhanie mwoga wa kuzaliwa. Huyu ndiye mwenye kibanda cha kuchajia simu pale juu ya ufukwe, mwenye sola mbili na betri ya lori. Darasa la nyaya hakulikanyaga; kitabu chake kilikuwa kufungua na mwalimu wake kupigwa shoti. Amepigwa shoti nyingi hata mbu wakimuuma huanguka wenyewe, na mkewe huokota mizoga asubuhi kwa ufagio. Redio ikikohoa, wanamletea. Televisheni ikionyesha watu wa kijani, wanamwita. Ushauri wake hakuuza, aliugawa kama salamu. Ila alikuwa na kilema kimoja: neno "sijui" halikupata kupita kooni mwake. Asichokijua alikijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Na betri iliyovimba aliijua. Aliijua kwa macho yake, siku simu ya Kilian ilipovimba pale kibandani, na Kilian, kwa akili za wavuvi, akaibonyeza kwa kisigino ikae sawa. Ilizomea kama nyoka, kisha ikatoa moto. Wazee wanasema mwali ule ulionekana ng'ambo ya ziwa, Malawi, jogoo wakawika na watu wakaenda shamba, wakarudi gizani wakilaumu jua. Kilian alibaki bila nyusi. Mpaka leo hujichora kwa mkaa akienda kanisani, na mvua ikinyesha hulia machozi meusi.

Hiyo ilikuwa betri ndogo kama biskuti. Hii ya mezani ilikuwa pana kama sahani ya wali.

"Itoe nje, uitupe ziwani," Hamphrey alisema.

"Na baba yangu je?"

Ndani ya kompyuta ile alikuwamo marehemu Mzee Urbani. Humo ndimo ilimo picha yake pekee inayotembea na kusema: amesimama kati ya mibuni yake, anamgombeza mpiga picha asikanyage miche, kisha anageuka, anamwita mkewe kwa jina la usichana wake na kumwuliza kama uji uko tayari. Basi, ni hayo tu. Kila Jumapili akitoka misani Kunigunda huifungua, humsikiliza mumewe akiulizia uji, na humjibu, "Upo, Baba." Picha ile haikuwapo mahali pengine popote duniani. Kompyuta ikiungua, Urbani anakufa mara ya pili, na safari hii kwa ushauri wa mkwe.

Maana ushauri ulikuwa wa Hamphrey. Na hapa ndipo ubaya ulipoingilia.

Katika nyumba zile mbili mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Tangu amwoe Asteria, Hamphrey hajamwambia Kunigunda neno la moja kwa moja. Salamu hupita kwa Asteria, na shukrani vilevile. Siku moja kule Mapera aliona nyoka akimnyemelea mama mkwe kwenye kichanja cha kahawa, na Asteria hayupo. Jasho likamtoka. Mwishoni akamgeukia kuku: "Wewe kuku, mwambie Mama kuna nyoka nyuma yake." Kunigunda akamshukuru kuku, akasogea.

Basi ujumbe ulipofika kwa simu kwamba kompyuta ya Mama imeinuka mgongo na haifungiki vizuri, fundi mwingine yeyote angeuliza: Imeinuka upande gani? Ina joto? Inalala kwenye chaja? Hamphrey hakuuliza. Mkwe atamhojije mama mkwe habari za kuvimba? Alikata shauri kuwa ni kifuniko kimepinda kwa unyevu, kama ubao. "Mwambie aweke kitu kizito juu yake," akasema kwa sauti kubwa. Kule milimani Kunigunda, ambaye hajapata kudharau neno la mkwe, akachukua jiwe lake la kusagia akalilaza juu ya kompyuta, chaja ikiwa bado imechomekwa, akamtwika marehemu mzigo ule kuanzia kuvuna kahawa hadi kuianika.

"Mpigie yule wa Kitai," Asteria alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yule mnayebishana naye habari za sola."

Ildefonsi wa Kitai alikuwa na duka la soda kando ya barabara ya Songea, na kazi ya moyo wake ilikuwa kufungua kompyuta mbovu. Yeye na Hamphrey walishauriana kwa simu kila wiki na hawakuwahi kukubaliana.

"Fundi wa ziwani!" Ildefonsi alipokea. "Leo umeunguza nini?"

"Ildefonsi, sijui la kufanya."

Ildefonsi hakupata kusikia neno lile kutoka kwa mtu huyu. "Basi ni kubwa," akasema taratibu. "Eleza."

Hamphrey akaeleza. Alipofika kwenye jiwe, Ildefonsi hakucheka, na hilo likamtisha Hamphrey kuliko yote.

"Sikiliza. Usiiwashe. Usiichaji. Usitoboe eti utoe hewa."

"Nilikuwa natafuta sindano."

"Itupe sindano! Fungua skrubu za chini polepole. Betri imeshikwa kwa gundi. Usiingize bisibisi wala kisu, ukiichana tu umekwisha. Una mshipi wa nailoni, wa kuvulia samaki?"

"Niko Liuli, unaniuliza mshipi?"

"Upitishe chini ya betri, uvute huku na huku kama msumeno, ukate gundi. Na ndoo ya mchanga mkavu iwe nje, mbali na nyumba. Betri ikipata joto au ikitoa harufu tamu, usifikiri. Iweke kwenye sufuria, kimbia nayo, izike."

"Harufu tamu kama nini?"

"Ukiisikia utajua. Na Hamphrey, betri usiikunje."

Kazi ilibidi ifanyike ndani, kwa kuwa nje upepo wa ziwa ulikuwa unabeba hata vifaranga, na skrubu za kompyuta ni ndogo kuliko macho ya usipa, dagaa wa ziwani. Asteria akapeleka ndoo ya mchanga mkavu kule kwenye mti wa mpapai. Akarudi na sufuria, akaiweka mezani, kisha akasimama nyuma ya mumewe akiwa amekamata shati lake.

"Ukinishika hivyo nitakimbiaje?"

"Ukikimbia, tunakimbia wote. Uliniapia kanisani."

Skrubu zikatoka. Kifuniko kiliporuka, chenyewe, kwa mlio wa tak, wote wawili walijikuta wamekaa chini, na hakuna aliyekumbuka kuamua kukaa. Betri ilikuwa imefura mifuko mitatu, kila mmoja umejaa kama shavu la mpiga tarumbeta. Hamphrey aliuelekeza mshipi chini yake, ukakosa njia. Akauma ulimi, akaupitisha mshipi, akaanza kuvuta. Huku. Huku. Gundi ilikatika ikilia kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Ulishawahi kufanya hivi?" Asteria alinong'ona.

"Mara nyingi."

"Baba Glorious."

"Sijawahi."

Mfuko wa kwanza ukaachia. Wa pili ukaachia. Akachomoa waya wa betri kwa kucha, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta hewa kwa matundu yote mawili: ikitoka hii, Urbani amepona. Wa tatu ulikataa. Jiwe la kusagia lilikuwa limeukandamiza ukashikana na bati. Akavuta. Akavuta tena, na pembe ya betri ikajikunja, kidogo tu, kama sikio la kitabu.

Kisha ikatoka yote, ikaanguka sufuriani.

"Imetoka!" Asteria akapiga kigelegele nusu, akakikata. "Nini kinanukia?"

Hamphrey alikuwa ameisikia harufu kabla yake. Tamu. Kama pipi iliyooza.

"Iko mbali na kompyuta," akasema, akiisukuma kompyuta hadi ukingo wa pili wa meza. "Mzee yuko salama. Nyumba sasa. Nipe njia."

"Shika kwa kitambaa, sufuria itapata moto!"

"Hakuna muda wa kitambaa!"

"Utaungua, na mimi ndiye nitakayemweleza Mama? Nimwambie nini, eti mkwe wako alilitupia jiwe lawama, halafu akaji…"

Betri ikaanza kuzomea. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda. Hamphrey akainyakua sufuria kwa mikono mitupu, akageuka mlangoni.

Mlango ulikuwa umejaa mtu.

Kunigunda alikuwa amesimama kizingitini, vumbi la basi usoni, na kichwani, juu ya kata ya khanga, amejitwika jiwe la kusagia. Amelileta toka Mapera, ili mkwe asikose kitu kizito cha kumalizia matibabu. Mlango ule ni mwembamba. Pembeni yake panya angepita kwa kuomba radhi, na mkwe hamgusi mama mkwe.

Asteria, aliyekuwa akisema tangu alfajiri, alibaki mdomo wazi bila sauti. Hamphrey akaangaza macho kutafuta kuku. Hapakuwa na kuku. Chini ya vidole vyake sufuria ilishaanza kuchoma.

"Mama," akasema, akimtazama machoni, "pisha!"

Naye Kunigunda, kwa adabu zake zote, akageuza shingo na jiwe lake taratibu kumtazama Asteria, ili aambiwe mkwe anasema nini.