Mrija Katika Dumu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mama huyu alitumbukiza mrija mrefu kwenye mdomo wa dumu ndipo akaliinamisha maji yaingie kwenye birika. Hewa ilipita ndani ya mrija, maji yakashuka kimya, bila kukoroma wala kuruka sakafuni.

Ufundi hakuujua. Yeye alikuwa mjumbe mmoja kati ya watatu wanaosikiliza rufaa za watu walionyimwa hataza, ile karatasi inayosema uvumbuzi huu ni wako, mwingine asiutengeneze bila ruhusa yako.

Rufaa ya safari hii ilikuwa ya fundi bomba aliyebuni kifuniko cha dumu chenye mrija ndani yake. Alinyimwa hataza kwa maelezo kwamba ni jambo la wazi, fundi yeyote angeliwaza. Kiwanda cha plastiki kilingoja tu ashindwe kianze kuvitoa kwa maelfu.

Mwenyekiti, ambaye makarani walimwita Rula kwa kuwa hasomi bila kupiga mstari, alisema ni wazi. Mjumbe wa tatu, mhandisi, akasema si wazi hata kidogo. Ndipo mama akasema, wala hakufikiri sana, kwamba hata yeye nyumbani hutia mrija na si fundi. Mhandisi akaridhia. Hukumu ya kuikataa rufaa ikaandikwa, wote watatu wakatia sahihi. Ilikuwa isomwe leo saa nane mchana.

Na leo asubuhi wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekaa jikoni amenyoosha mguu wake mbovu, anamtazama akimimina.

"Huo mrija ungeuanza mapema, wifi, ningekuwa natembea kama watu," akasema. "Jiko hili lilikuwa bwawa. Tulibakiza kufuga samaki tu."

Mama akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Akafungua droo akatoa kadi ya hospitali, akasoma tarehe ambayo wifi aliteleza kwenye maji hapo hapo akavunjika. Siku ile mrija haukuwapo. Na jioni ya siku ile ile ndiyo aliyotoka ofisini na jalada la fundi ndani ya mkoba, alisome huku anamuuguza wifi. Majalada hayaruhusiwi kuvuka mlango. Aliyevuka nalo hana kazi.

Miaka ishirini aliilowesha sakafu hii na wazo halikumjia. Alilisoma kwenye jalada la fundi, akasahau lilikotoka.

Akaitia kadi mkobani, akaenda ofisini. Kwenye benchi la korido alimkuta fundi, shati limefungwa hadi shingoni, dumu lake katikati ya miguu. Akamsalimia. Mama akapita haraka.

Kwenye chumba cha wajumbe aliweka kadi mezani, akaeleza wazo la mrija alikolitoa; Rula alimsikiliza mpaka mwisho, mhandisi yuko dirishani. Kisha akaisukuma kadi irudi upande wa mama, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Mama, hii sijaiona. Nenda kanywe chai."

Mama aliitazama kadi. Aliwaza mshahara, akawaza mguu wa wifi na dawa zake. Angeweza kweli kwenda kunywa chai.

"Nilitoka na jalada, mzee," akasema. "Kila mtu akishaonyeshwa ataona ni wazi. Mimi sikuwahi kuona mpaka nilipoonyeshwa."

Akachukua kalamu. Akaivuta ile hukumu. Akaikata sahihi yake, akaandika pembeni kwamba rufaa ikubaliwe, na sababu yake, na siku aliyotoka na jalada. Rula akamwambia asubiri, barua yake ya kusimamishwa itaandikwa sasa hivi. Mhandisi akaondoka dirishani. Alikuja mezani akaomba kalamu ile ile, akaikata na ya kwake.

Sasa walikuwa wawili kwa mmoja, upande wa fundi.

Mama hakuisubiri barua. Aliweka funguo za kabati juu ya kadi, akakumbuka, akaichomoa kadi. Kwenye korido fundi alisimama haraka, akamuuliza kama kuna ubaya.

"Kaa, baba. Utaitwa."

Akashuka ngazi ameshika ukuta, akampita mlinzi aliyezoea kumtania. Mlango ukajifunga nyuma yake. Hawakumwona tena pale.