Jicho Alilonificha

Mume wangu ana jicho moja. La kushoto lilichomwa na waya akiwa kijana, kabla hajaja kuniposa, na mama aliponiambia, "Ana jicho moja," nikamwuliza, "Na hilo moja laona?" Mama akasema laona. Basi nikaolewa. Kwa jicho hilo la kulia ameshona kanzu za nusu ya Mji wa Kale, na darizi za shingoni amezitia kwa mkono wake mwenyewe, na sikupata kumwona akikosa tundu ya sindano mpaka mtoto wa jicho alipoanza kumtia ukungu.

Operesheni haikuchukua hata saa moja. Siku ya pili walipomfungua kitambaa, alirudi nyumbani hakaliki. Akasimama sebuleni akasema, "Ukuta huu umechafuka tangu lini?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umezeeka lini?" Nikamwambia, wakati ule ulipokuwa huoni, bwana, ndipo nilipopata nafasi. Mwezi mzima barazani hakuna jengine ila jicho. Alikatazwa kuinama, akawa aswali juu ya kiti, na nafikiri alikupenda kule kuulizwaulizwa hali na kila apitaye.

Jicho lile tulilitengeneza kwa ajili ya safari. Mimi tangu nimepata akili nataka kwenda Makka. Nimelea watoto wanne, nimemuuguza mama mkwe mpaka alipokwenda kwa Mola wake, na kila mwaka nasema mwaka huu. Sasa viza za Umra zilikuwa mkononi, mabaibui nimeshayakunja, na imebaki wiki moja.

Kwetu mtu hafungi safari ile bila kuzunguka kutaka radhi. Waenda mlango kwa mlango: nimekukosea kwa kujua na kwa kutojua, nisamehe. Mume wangu alizunguka Kibokoni yote, akaenda mpaka Mbaraki kwa mteja wake waliyekuwa hawasemezani kwa sababu ya kanzu iliyotoka fupi. Mimi nilibaki na mikoba.

Siku ya tatu, jirani yetu wa chini akaniita dukani kwake. Ni Mhindi, Mwislamu mwenzetu, auza nyuzi na vifungo pale pale alipouza babu yake, na yeye na mume wangu wamekunywa kahawa pamoja tangu hawajaota ndevu. Siku hiyo uso ulikuwa umemshuka.

"Shemeji," akasema, "mimi nimemkosea nini mzee?"

Nikamwambia, hujamkosea kitu, kwani vipi?

"Amekuja asubuhi kunitaka radhi. Nimempa mkono. Ameuacha mkono wangu hewani, akageuka, akaenda zake. Mbele ya wateja! Radhi gani hiyo?"

Kuachwa na mkono hewani si jambo dogo mtaani kwetu; nawajua watu walionuniana miaka kwa dogo kuliko hilo. Nilipanda ngazi nimechemka, nishayapanga maneno ya kumpa. Katikati ya ngazi nikasimama. Mume wangu mimi hata paka humwamkia. Hamwachi mtu na mkono hewani.

Nilimkuta amekaa dirishani amenywa chai yake. Nikapita upande wa kulia, nikanyosha vidole vitatu karibu na kiwiko chake.

"Vidole vingapi?"

"Vidole gani?" akasema.

Nikakaa kitandani.

Akasema yote. Siku nne zilizopita alianza kuona vimulimuli pembeni, hata akifumba jicho. Kisha vidoa vyeusi, kama mbu walioingia ndani wakakosa njia ya kutoka. Na tangu jana kivuli upande wa kulia, kama pazia, lapanda kutoka chini. "Laja kidogo kidogo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni. Na daktari alikuwa amemwambia waziwazi siku ya kumfungua kitambaa: ukiona vimulimuli au pazia njoo mbio, usingoje kesho. Mimi sikusikia, nilikuwa nje nachukua dawa. Yeye alisikia.

"Sasa kwa nini, ewe mja wa Mungu?"

"Zimebaki siku nne tu. Nilisema twende, turudi, ndipo niseme."

Nilimtukana. Siwezi kuandika hapa nilivyomtukana. Kisha nikamvisha viatu mimi mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, tukatoka.

Daktari ni binti wa Kigiriama, mpole, umri wake ni wa mwanangu wa pili. Alilitazama jicho kwa taa yake, akalitazama tena, uso ukambadilika. Akatueleza polepole. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, na huo ndio ushikao picha. Wa mume wangu ulikuwa umechanika mahali, maji yamepita chini yake, na sasa wabanduka ukutani. Huwatokea baadhi ya watu baada ya operesheni kama ile, si kosa la mtu. Katikati ulikuwa bado umeshika.

"Ukibanduka hapo katikati, baba, sitaweza kukuahidi kitu," akasema. "Kesho asubuhi nitakufanyia."

Angetia hewa maalumu ndani ya jicho, iusukume utando urudi mahali pake. Naye mume wangu akae ameinamisha uso wiki nzima, mchana na usiku. Na ndege asipande mpaka hewa ile iishe, wiki nyingi, kwa sababu huko juu hewa hufura na jicho huharibika kabisa.

Mume wangu akakohoa. "Daktari, na lau tungekwenda kwanza, halafu..."

"Nyamaza!" Nilipiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. "Wataka nikutembeze Makka kipofu? Nikurudishe hapa kipofu, na hilo jengine huna? Nyamaza!"

Basi zikaja siku za kuinama. Alikaa ukingoni mwa kitanda, paji la uso juu ya mito niliyompangia mwisho wa meza, uso ukitazama sakafuni, akinywa uji kwa mrija. "Juzi nakatazwa kusujudu," akanung'unika, "leo naambiwa nisujudu wiki nzima. Hawa watu si waamue!" Aliyetaka kusema naye uso kwa uso ilimbidi alale chali mkekani chini yake. Jirani yetu alipopata habari alikuja na sahani ya bajia, amefadhaika, akajilaza pale na tumbo lake lote, wakasamehana wee, kisha kuinuka kukamshinda. Nilimvuta mkono mmoja na mkewe akavuta wa pili. Mume wangu alicheka mpaka nikamkaripia asitingishe kichwa.

Kundi letu liliondoka asubuhi. Dada yangu alikuwemo, na mume wangu alikuwa amenisihi siku mbili nifuatane na dada, yeye mwenyewe watoto watamwangalia. Sikutaka kusikia. Nilipojua wameshafika uwanja wa ndege, nilifunga dirisha, nikajilaza mkekani chini ya uso wake, nikamwambia kweli yangu.

"Nimekukasirikia. Sijui itaisha lini."

Jicho lilikuwa wazi juu yangu, lakini halioni kitu, hewa imelijaa tele. Baadaye akasema, "Ile Kaaba mimi nimeiona mara ngapi kwenye picha. Nilitaka nikuone wewe siku utakayoiona. Nikasema hata kikiwa ndicho kitu cha mwisho nitakachokiona, si neno."

Tone likanidondokea shavuni. Nikadhani ni dawa ya jicho. Likaja jengine. Sikuyafuta.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia. Nampenda mtu huyu, jamani, na sikupata kumchukia kama siku ile. Nikashika mguu wake, maana ndio uliokuwa karibu, tukakaa hivyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Hewa ilipungua polepole. Alianza kuona kwa juu, na kwa chini akasema kuna kitu chachezacheza kama maji ndani ya gilasi. Wiki ya nne tulikwenda kwa daktari. Alilitazama jicho muda mrefu sana, na mimi nimesimama ukutani. Mwisho akazima taa yake.

"Utando umeshika," akasema. Akamwinua kidevu. "Sasa waona nini, baba?"

Mume wangu akanigeukia. "Namwona mke wangu, kutoka kichwani mpaka puani. Amenuna."

"Na mdomo huuoni, wajuaje nimenuna?"

"Kwani nahitaji kuuona?"

Daktari akainamia makaratasi yake. Nilikuwa nimenuna kweli. Ningeuregeza mdomo ule kidogo tu, ningelia mbele ya mtoto wa watu: Makka sikwenda, na mume wangu aniona.