Kitanda cha Juu na Maji ya Jumanne

Mjomba alinichagulia pa kuishi kabla sijajua hata masomo yanaanza lini. Jina langu lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo kikuu, katika tawi la Masasi, alipanda basi peke yake kutoka Makote, akashinda huko, na jioni akaja moja kwa moja nyumbani kwetu Kitangari. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akasema, "Nyumba ipo. Maji yapo."

Kisha akaeleza maji. Bomba liko uani, hatua sita kutoka mlangoni, amezipima mwenyewe. Tanki liko juu ya mnara wa matofali, na chini yake kuna pipa la akiba lenye mfuniko. Ameligonga kwa kidole, limejaa. Mama akashukuru Mungu kwa sauti. Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nikauliza, "Na chumba?"

"Chumba ni chumba," Mjomba akajibu, akanitazama kana kwamba nimeuliza kama nyumba hiyo ina paa.

Asiyetoka kwetu anaweza kucheka. Sisi wa Newala tunaishi juu na maji yako chini bondeni. Nimekua nikiteremka na ndoo kabla ya kwenda shule na kupanda nayo kichwani huku nikiwalaani babu zangu walioona juu ndiko kuzuri. Nyumba yenye uwezo ina kisima cha saruji kilichochimbwa ubavuni, kinachopokea mvua kutoka kwenye bati. Ikifika Septemba unaanza kupima kina kwa fimbo. Kisima cha Mjomba ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote mtaani kwake, kina mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo aliufunga kiunoni kwa uzi. Baada ya Septemba hakuna wa nje ya nyumba yake aliyepata hata kikombe. Mimi ni mpwa wake wa damu na nimewahi kurudi kutoka kwake na ndoo tupu.

Asiyetoka kwetu atauliza pia baba alikuwa wapi. Alikuwepo. Ila kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Wengi siku hizi wameacha, nyumbani kwetu hatukuacha. Shule ikiita mzazi, alikwenda Mjomba. Nilipochagua masomo ya kidato cha tano, fomu ilipelekwa Makote kwanza. Baba naye alikuwa na wapwa zake Chiwata, watoto wa dada yake, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Nikiwa mdogo nilimwona akimfokea mmoja wao aliyeuza baiskeli ya nyumbani, nikadhani kuna mtu kamwazima sauti. Akirudi kwetu alikula, alishukuru, akaenda kwenye korosho zake.

Siku ya kunipeleka tulikwenda watatu. Mjomba alikwenda kunikabidhi. Baba alikwenda kubeba godoro, ndivyo ilivyosemwa na ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa msimu wa korosho, mama akabaki kuokota. Mjomba alibeba maji yake ya kunywa kwenye kidumu kidogo, na chini ya kifuniko ameweka kipande cha nailoni kama kawaida yake, ili tone lisipotee njiani. Hajawahi kuniruhusu nifunge dumu bila nailoni.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mpole, aliyepokea shikamoo yangu kwa mikono miwili. Chumba kilikuwa stoo. Upande mmoja magunia ya mbaazi, ambayo alisema yatabaki mpaka mnunuzi aje. Dirisha lilikuwa dogo, juu, limepigiliwa ubao. Geti linafungwa magharibi. Jioni ningemsaidia kupika, kwa kuwa naye ananichukua kama mwanawe. Chuo kiko upande wa pili wa mji, kule nyuma ya mlima wa mawe. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama kati ya magunia: ili niwahi geti na jiko, ningekuwa natoka maktaba saa kumi kila siku. Kidato cha sita nilikuwa nimefaulu kwa kusoma jioni. Asubuhi kichwa changu hakifanyi kazi, hakijawahi.

Mjomba hakuingia hata chumbani. Nilimkuta uani, amefungulia bomba, amekunja suruali, ananawa miguu. Alinawa uso, akarudia miguu. Ndoo ilikuwa inafurika na bomba hakulifunga.

"Sikia presha hiyo, mwanangu," akasema. "Ungeipata wapi Kitangari?"

Sijawahi kumwona na furaha namna ile, na iliniuma, maana nilikwisha kuamua kwamba sitaki. Yeye aliniletea kitu kizuri kuliko vyote anavyovijua. Nikasema naomba tukaone na hosteli ya chuo, kwa kuwa ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha vitanda. Mjomba akafunga bomba. "Kuona si kuhamia," akasema, akavaa viatu.

Matroni wa hosteli alikuwa mama mnene wa kutoka kaskazini, mwenye haraka. Kimebaki kitanda kimoja, akasema, cha juu, chumba cha wanne. Nilipanda ngazi ya chuma nikakijaribu. Kilikuwa karibu na dirisha, na juu ya kichwa kulikuwa na taa. Chini kulikuwa na meza. Maktaba ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na watu wanatoka humo saa wanayotaka. Niliposhuka nilikuwa nimeshahamia.

Mjomba aliuliza swali moja. "Maji?"

"Jumanne na Ijumaa asubuhi," matroni akajibu. "Siku nyingine wanakaa na ya kwenye madumu."

"Basi," Mjomba akasema. "Tumeshaona. Twendeni."

Nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo, na siku ile zilinitoka zote. "Mjomba, mimi sikuja Masasi kuoga! Nimekuja kusoma!"

Wasichana wawili walichungulia dirishani. Kwetu hakuna anayempandishia mjomba sauti, achilia mbali mbele ya wageni, na achilia mbali binti. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu na papo hapo sikutaka. Mjomba alikuwa anakitazama kidumu mkononi mwake.

Matroni hakujua kilichovunjika. Akasogeza fomu mezani. "Mnachukua, hamchukui? Nina wengine nyuma yenu. Mzazi anasaini hapa."

"Hatusaini," Mjomba akasema.

"Wewe ndiye baba?"

"Mimi mjomba wake."

"Baba yake hayupo?"

"Yupo. Huyo hapo."

Matroni akamtazama baba, aliyekuwa nyuma yetu na godoro kichwani muda wote huo. "Sasa baba yupo, mjomba wa nini tena? Baba, njoo wewe uniambie."

Hakuwa na ubaya. Kwao mtoto ni wa baba na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimwambia Mjomba hivyo, na mwenye kosa la kumfikisha hapo nilikuwa mimi.

Baba akateremsha godoro, akaliegemeza ukutani, akajifuta mikono kwenye shati. Akaniuliza, "Hapa unapataka?"

Tangu jina langu litoke kwenye ile orodha, hilo swali hakuna aliyeniuliza. "Napataka, Baba."

Akamgeukia Mjomba. "Shemeji, maji nitamletea mimi."

Kisha akainama akaandika majina yake matatu, polepole, kwa herufi kubwa zilizovuka mstari. Mjomba akangoja mpaka amalize. "Sawa, shemeji," akasema. Akakiacha kidumu chake mezani kwa matroni, akaenda stendi peke yake.

Wiki ile mama alinipigia simu. Mjomba hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ile, na yeye hupita kila siku ya mnada. "Kitanda umepata," mama akasema. "Mimi umeniondolea kaka. Kesho ukiolewa atasimama nani? Ukifiwa?" Nilimwambia nitakwenda kumwomba radhi likizo. Niliona aibu sana, na bado nilikuwa na hasira. Usiku nikiwasha taa yangu niliipenda ile taa, na kila nikiipenda nilimkumbuka amekunja suruali pale bombani.

Alhamisi ya kwanza konda wa basi la Newala alinipigia. "Una mzigo wako hapa, umetoka kwa mzee." Lilikuwa dumu la njano la lita ishirini, limejaa maji. Wenzangu wa chumbani walicheka mpaka wakakaa chini. Maji yanasafirishwa kutoka Newala, mahali ambapo watu hushuka bondeni kuyatafuta, yanaletwa Masasi kwenye mabomba! Nilicheka nao, kisha nikanywa. Yalikuwa ya mvua, yana ladha ya bati na ya moshi wa jikoni. Yaliyotoka bombani hosteli yalikuwa na chumvi.

Dumu la kwanza na la pili yalifika yamevuja, kifuniko kimelowa. Kuanzia la tatu yalifika makavu, na chini ya kifuniko kuna kipande cha nailoni. Nikasema moyoni, mzee naye kajifunza. Nilimtumia Baba ujumbe kwamba yanatosha, asihangaike. Alhamisi iliyofuata dumu likaja. Madumu matupu sikuyarudisha. Moja likawa kiti cha mwenzangu wa kitanda cha chini, moja tuliloweka nguo, mengine yalijaa mvunguni. Kwa kweli sikufikiri kama yana mwenyewe.

Likizo ya Desemba nilirudi Kitangari. Mvua ilikuwa haijashika. Nilifungua kisima chetu nichote maji ya kunawa, nikakuta tope limepasuka na mjusi mkavu. Baba alikuwa anachambua korosho ukumbini. Nikamuuliza wanapata wapi maji.

"Bondeni."

"Na yale ya kwangu?"

Akachukua korosho nyingine. "Ya kwetu yaliisha wiki ya pili. Niliahidi mbele ya shemeji, kwa hiyo nilikwenda Makote kumwambia nimeshindwa. Naye akanipeleka kisimani. Alifungua kufuli." Akaitupa korosho mbovu pembeni. "Mimi nilisaini tu. Maji ni ya mjomba wako."

Nilikaa chini pale pale. Nililia, na baba aliendelea kuchambua, maana hakujua la kufanya.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Makote. Mjomba alikuwa uani anakaza boriti ya banda. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, akaitika marahaba. Nikasema, "Mjomba, nilikukosea mbele za watu. Naomba unisamehe."

Akaweka nyundo chini. "Mnaoga?"

"Tunaoga, Mjomba."

"Madumu yangu yako wapi?"

Nilitazama upande wa kisima nikamwona mkewe anachota kwa sufuria, akimimina kwenye beseni, akiinama tena. Ndoo zao mbili zilikuwa zimepasuka, na madumu yao yote yalikuwa chumbani kwangu hosteli.

"Sita," Mjomba akasema. "Mkaza mjomba wako huyu mgongo unamuuma." Akaokota nyundo akaendelea na boriti. Hakusema amenisamehe. Nilichukua sufuria kwa mkewe, nikachota mimi mpaka wakaniita kula.

Niliporudi hosteli nilimwinua mwenzangu kwenye kiti chake, nikamwaga nguo zilizolowekwa, nikayasugua madumu ya Mjomba yote sita. Jumanne niliamka mapema nikapanga foleni ya bomba, na waliokuwa nyuma yangu walinitukana, maana huwezi kujaza sita peke yako ukapendwa. Nikachana mfuko wa nailoni vipande sita, nikakaza vifuniko. Nikakodi mkokoteni hadi stendi.

Konda alinitazama. "Yaani unapeleka maji Newala?"

"Kwa mzee," nikasema. "Wa Makote."

"Kwani kuna mwingine? Tangu mwezi wa kumi na moja ananingoja na bodaboda kabla sijafika mimi."

Kesho yake Mjomba alipiga simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ya fomu. Alipaza sauti kama anavyofanya siku zote, kana kwamba simu haitoshi kufika Masasi.

"Madumu nimeyapokea. Sita."

"Asante, Mjomba."

"Hayakuvuja," akasema. "Maji yenu yana chumvi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Oga hayo. Kunywa usinywe. Alhamisi nakuletea."

Nikajaribu kusema kwamba kisima chake nacho kinakaribia kuisha, kwamba mimi nimeshazoea chumvi. Hakuningoja nimalize.

"Na dumu," akasema, "ulirudishe."