Amefunga, Amefungwa

Mke wangu alikulia Unguja, na nyumbani kwetu Mutsamudu tulisema Kiswahili chake. Kiharusi kilipompata, miaka ile mamluki wa Kizungu walipotutawala, kilimwachia maneno lakini kikayakata mikia. Alilazwa hospitali ya Hombo, mkono wa kuume umekufa, hawezi hata kuandika.

Mkia uliomshinda hasa ni ule wa kutendwa. Penye irabu aliupata: "nimeambiwa" lilitoka zima. Lakini w ikibanwa na konsonanti, ilidondoka. "Nimechomwa sindano" likawa "nimechoma sindano", tukacheka, naye akacheka. Nililijua hilo. Niliwaeleza hata wauguzi, kwa majivuno ya mtu aliyefika sekondari.

Jumatatu moja nilimkuta analia. Mwanetu alikuwa mwalimu Moroni, kisiwa kingine. Jirani yake wa huko, mwanamke, alikuwa ameshuka kwa ndege uwanja wa Ouani, akapita hospitali kumnong'oneza habari mke wangu, akaondoka kabla sijafika.

"Nimeambiwa," mke wangu akasema, akataja jina la mwanetu. "Amefunga."

"Huyo mwanao?" nikacheka. "Mama, hata Ramadhani nilikuwa namwamsha daku kwa kummwagia maji!"

Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Amefunga! Funga!"

"Basi Mungu amtakabalie. Ndiyo unalia?"

Kwa kuwa "nimeambiwa" alilitamka sawasawa, nilijiona nimesikia vizuri na hilo la pili. Nikamfunika shuka, nikaenda kusali.

Alhamisi nilikutana na yule mwanamke sokoni. Alinitazama kama aliyeona jini. "Baba, bado uko hapa? Kijana amefungwa, yuko kambini kwa mamluki!"

Nilipanda ndege kesho yake. Kwenye lango la kambi, askari mmoja, Mngazija, mwenyeji wa kisiwa kile, wa rika la mwanangu, aliniambia polepole ili nimwelewe: "Baba, waliofuatwa na wazazi waliachiwa Jumatano. Waliobaki walipakiwa garini."

"Wakapelekwa wapi?"

Akawatazama Wazungu waliokaa kivulini na bunduki zao, akafunga lango.

Nilibisha kila mlango Moroni. Sikumpata, wala kaburi sikuonyeshwa.

Niliporudi nilimwambia mke wangu nimemwona, amekonda kidogo tu. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwamba yeye alinieleza, mimi ndiye niliyecheka. Tangu hapo akawa ananitengea nusu ya mkate wake, mwanetu atumiwe kwa ndege. Niliupokea kila siku, nikaula koridoni, nikiutafuna taratibu nisisikike.