Kuku wa Shokola

Kuku aliletwa mezani akiwa amefunikwa na mchuzi mweusi kama oli iliyotolewa katika motokari, nao mchuzi ulinuka shokola, ile pipi ya Wazungu. Nilidhani mpishi amekosea. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Alijua uso wangu hauwezi kuficha kitu.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, katika hoteli moja ya Wazungu kando ya ziwa, hapa Goma. Miaka ile Wabeleji walikuwa wameanza kuwafungulia mlango watu weusi wachache, wale waliopewa kadi ya kuonyesha kwamba wamestaarabika. Mume wangu, muuguzi wa hospitali, alikuwa nayo lakini aliiacha sandukuni. Jirani yetu, karani wa kampuni ya kahawa, yeye alitembea na yake mfukoni hata akienda kuoga ziwani. Ndiye aliyetualika. Mke wake, mtoto wa Butembo, alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na siku ile alikuwa na mimba changa iliyomfanya achukie hata harufu ya sabuni.

Mwenye hoteli alikuwa Mzungu mnene aliyeishi Meksiko miaka mingi kabla ya kuja Kivu. Mara moja kwa mwezi alipika chakula cha kule, na wenye mashamba walishuka kutoka Rutshuru na Masisi kuja kula. Wafanyakazi wake aliwavika mablanketi ya rangi na kofia za majani pana kama ungo, na juu ya midomo yao aliwachora masharubu kwa makaa. Aliyetuletea sahani alikuwa muzee wa Kihunde ambaye kila Jumapili tulisalimiana naye mlangoni pa kanisa. Jasho lilikuwa limeyeyusha masharubu yake yakateremka hadi kidevuni. Hakutusalimu, nasi hatukumsalimu. Niliona haya kumtazama.

Kwanza walileta maavoka yaliyopondwa na pilipili, na mikate myembamba ya mahindi, baridi, migumu kama soli ya kiatu. Hayo nilikula. Kisha maharagi, nayo nayajua tangu tumbo la mama yangu, lakini haya yalikuwa yamesagwa yakawa uji wa kijivu, na juu yake mafuta ya nguruwe yalikuwa yameanza kuganda. Kisha ndipo akaja kuku huyo wa shokola.

"Siwezi," rafiki yangu alisema polepole.

"Kula," mume wake alimwambia bila kufungua meno. "Banatuangalia."

Kweli walikuwa wanatuangalia. Meza ya pili, madame mmoja alikuwa amegeuza kiti chake kabisa ili atuone vizuri tunavyoshika uma.

Hapo mwenye hoteli alifika kwetu. Meza za Wazungu alizipita akiinama kidogo, mikono nyuma, akiuliza kama kila kitu ni kizuri. Kwetu hakuuliza. Alisimama nyuma ya bega langu, akinuka pombe na jasho, akachovya kidole chake katika mchuzi wangu, kidole kinene chenye kucha ndefu ya manjano, akakilamba hadi kwenye pete.

"Muzuri sana!" alisema kwa Kiswahili chake cha kuagiza wapagazi. Kisha kidole kile kile, bado kimelowa mate, akakichovya katika sahani ya rafiki yangu. "Onja, mama. Hii hapana bugali."

Karani alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, kichwa nyuma, kama mtu aliyepewa zawadi. Akakata kipande cha nyama katika sahani ya mke wake, akakigeuza mahali pale pale kidole kilipopita, akamtia mkewe mdomoni.

"Meza," alimwambia.

Nilimwona akimeza. Koo lilipanda, likashuka, likapanda tena. Alinitazama, macho yamejaa maji, nami nikasukuma kiti changu nyuma nimpeleke nje, lakini nilichelewa. Yote yalitoka: avoka, maharagi, kuku, juu ya kitambaa cheupe na juu ya viatu vyeupe vya mwenye hoteli. Madame akapiga kelele. Mbwa wa mtu akaja kunusa.

Mwenye hoteli hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Aliwageukia wenzake akasema kwa Kifaransa, akitabasamu, kwamba yeye siku zote alisema hawa bado.

Halafu karani akapiga magoti. Mtu wa kadi, mwenye tai, alichukua serveti yake akaanza kupangusa viatu vya Mzungu, akisema pardon, pardon, mke wangu ni mugonjwa, pardon. Mke wake alikuwa amesimama pale, matapishi kidevuni, hakuna aliyempa hata maji. Matapishi hayakunichukiza; nimelea watoto. Kilichonichukiza ni mgongo ule uliokunjama chini ya meza.

"Twende," mume wangu alisema. Alimpangusa rafiki yangu uso kwa kitambaa chake mwenyewe, mbele ya wote, nasi watatu tukatoka kwa mlango wa mbele.

Tulirudi kwa miguu juu ya mawe meusi ya volkano, viatu vya Jumapili mkononi. Karibu na soko rafiki yangu alisimama kwa mama mmoja aliyechoma mahindi, akala mawili akiwa amesimama. Baadaye ndipo aliposema:

"Yaya, ulimuona akipiga magoti?"

"Nilimuona."

"Sawa."

Alikwenda kuzalia kwao Butembo. Alirudi na mtoto wa kike, akampikia mume wake, akamtandikia kitanda, akamjibu alipoulizwa. Karani aliendelea kwenda hotelini, peke yake, na kila mara alirudi na koti lenye madoa ya mchuzi ule mweusi. Mke wake hakuligusa koti hilo hata mara moja. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, nilikuwa nikimwona karani nyuma ya nyumba akilifua mwenyewe ndani ya beseni, huku akitazama huku na huku asionekane na majirani.